Muhula wa Meno Meusi

4 Machi

Leo tumeanza, na mvua nayo imeanza, tena kwa fujo. Mwalimu mkuu ametupa chumba kilichokuwa stoo ya vifaa vya michezo: dirisha moja, bati lisilo na dari, mipira iliyopasuka kwenye kona. Nimeingiza kiti cha wagonjwa, taa ya kuvaa kichwani na chupa zangu, nikasema hapa patafaa. Nimewahi kutibu watu chini ya turubai mimi, stoo itanitishia nini?

Niandike kwa nini niko hapa, kabla kazi haijanivuruga akili. Mimi ni daktari wa meno, na watoto wadogo wa shule hii, wa chekechea na darasa la kwanza, wana matundu mengi menoni. Siku zote dawa yetu kwao imekuwa kung'oa. Mtoto anashikwa mikono na miguu, analia mpaka sauti inakauka, jino linatoka, na mimi ananichukia mpaka anazeeka. Sasa kuna dawa ya maji yenye madini ya fedha. Unapaka tone kwenye tundu, basi. Hakuna sindano, hakuna mashine. Kwingine imesimamisha uozo, jino likawa gumu tena. Kwa watoto wetu haijapimwa. Kwa hiyo nusu yao, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, watapakwa hiyo, na nusu watapakwa dawa nyeupe tuliyoizoea. Mwisho wa muhula tutaona meno ya nani yamekuwa magumu. Ikishinda, hospitali itaacha kuwang'oa watoto ovyo. Ikishindwa, tutaendelea kuwashika miguu.

Ina ila moja. Ndani ya chupa inaonekana kama maji tu, lakini ikishagusa uozo, tundu linageuka jeusi tii. Wazazi wameelezwa, wameonyeshwa picha, wamesaini.

Itashinda. Mbele za watu nitasema "tutaona", lakini daftari hili ni langu, na humu nasema itashinda.

5 Machi

Mvua. Nimepaka watoto asubuhi nzima. Hakuna aliyelia! Mmoja alisinzia kitini.

7 Machi

Leo nimebishana na Babu Koleo mpaka mate yakanikauka. Huyu ni daktari wa meno mstaafu, amekula chumvi nyingi, na mji mzima humu unamjua kwa jina hilo kwa sababu ya chombo alichokuwa nacho mkononi maisha yake yote. Nimemwomba awe mpimaji wetu makusudi, kwa kuwa haiamini dawa yangu hata kidogo. Anaiita maji ya betri. Mtu wa namna hiyo akisema jino ni gumu, nani atanibishia?

Tatizo ni kwamba mpimaji hatakiwi kujua mtoto yupi alipata dawa ipi, na hii inaacha weusi unaoonekana toka mlangoni. Nimewaza wiki nzima, leo nikampa jibu langu: apime akiwa amefungwa macho.

"Nini?" akasema.

"Kitambaa usoni, Mzee. Muuguzi wangu ataweka ncha ya chuma kwenye jino, wewe utabonyeza taratibu. Useme ngumu au laini, basi."

"Mwanangu, mimi nina miaka hii yote, leo nicheze kibe na watoto?"

"Si wewe uliyesema unaweza kujua jino bovu hata ukiwa usingizini?"

Akajikuna kidevu. Kisha akaniuliza kitambaa kitakuwa cha rangi gani. Nimempata!

11 Machi

Nimempaka Kasuku. Ni binti wa mdogo wangu, yuko darasa la kwanza, tumempa jina hilo kwa kuwa akiamka asubuhi mdomo haufungwi mpaka alale. Bahati nasibu ilimwangukia upande wa dawa nyeusi, na sikuigusa mimi, aliichezesha muuguzi. Ana tundu moja tu, jino la mbele la juu, katikati kabisa. Alivyokuwa akiongea! Hata nilipomwambia aache mdomo wazi, alikuwa anaongea kwa koo.

"Mama mkubwa, hii ni wino?"

"Ni dawa."

"Ina ladha kama sarafu."

Umewahi kuonja sarafu wewe? Akasema ndiyo, mara nyingi.

12 Machi

Tone limeniangukia kwenye koti jeupe. Doa la kahawia, halitoki kwa sabuni wala kwa limau. Na kidole gumba changu kimekuwa cha fundi makanika. La kidole litatoka lenyewe ndani ya wiki moja au mbili. La koti ndiyo basi tena.

15 Machi

Mvua. Bati linavuja juu ya kiti. Tumesogeza kiti.

19 Machi

Kipimo cha katikati kimeanza, na leo ndiyo siku niliyocheka kuliko zote muhula huu. Mimi siruhusiwi kuwa ndani, kwa sababu sitakiwi kujua matokeo kabla ya mwisho. Nilikaa chumba cha walimu nikijifanya nasoma. Mvua ikapiga bati, Babu Koleo ikabidi apaze sauti ili muuguzi asikie na kuandika. Shule nzima ikawa inamsikia. "LAINI!" Kimya. "NGUMU!" Darasa la pili, ukuta mmoja na stoo, wakaanza kuitikia kwa pamoja. Akisema laini, wanaguna. Akisema ngumu, wanashangilia. Mwalimu wao akanyanyua mikono juu, akakaa.

Mchana nikawakuta watoto uwanjani wamefungana macho kwa sweta, wanabonyezana meno kwa vidole. Nimewaambia wanawe mikono kwanza. Ndiyo, mimi ni mtu wa hivyo.

Moyo ulinidunda kila nikisikia "ngumu", lakini sikujua ni jino la nani. Huenda ni dawa nyeupe inayoshinda. Hapana, si kweli. Lakini huenda.

27 Machi

Mama mmoja amemtoa mwanawe kwenye utafiti. Anasema dawa inaozesha meno. Nimemweleza taratibu kwamba weusi ule ndio dalili ya kupona. Aliniangalia kama mtu anayeuziwa samaki wa juzi. Akaondoka.

28 Machi

Wengine wawili. Mvua.

2 Aprili

Sasa ni kila siku. Mwalimu mkuu ameniita ofisini, akafunga mlango. Ni mwanamke wa maneno machache.

"Daktari, langoni kwangu kuna wazazi. Wanasema mnawapaka watoto sumu."

"Walisaini, Mwalimu. Waliona picha."

"Picha za meno gani?"

Nikamwonyesha. Akazigeuza moja moja. Zote zilikuwa za magego, meno ya nyuma kabisa kinywani, na weusi wake. Hakuna hata moja ya jino la mbele.

"Hizi," akasema, "hata mtu akicheka hazionekani."

Nimerudi stoo nimejaa hasira, na nusu ya hasira hiyo ni kwa wazazi wa langoni, na nusu, sitaki kuandika, ni kwangu.

5 Aprili

Nimetoka kwa mdogo wangu. Niandike yote, maana kichwa kinaniuma.

Yeye ni fundi cherehani, ana chumba chake cha kazi barabarani, na mwaka huu wazazi wamemchagua kuwa mwenyekiti wa kamati yao. Nilikwenda nikijua nitamnyoosha kwa dakika chache. Mimi ndiye mkubwa, isitoshe ndiye niliyesomea. Nikamkuta anapachika zipu. Hakunyanyua kichwa.

Kasuku alikuwa amekaa chini kati ya mabaki ya vitambaa. Nikamwambia shikamoo yako iko wapi leo? Akaamkia, kiganja kimefunika mdomo. Nikamuuliza habari za shule. Akatikisa kichwa. Mtoto huyu! Nilikaa pale muda wote ule na hakusema neno.

"Ana nini?" nikauliza.

"Muulize mwenyewe. Aa, samahani, haongei siku hizi." Mdogo wangu akakata uzi kwa meno. "Wanamwita Masizi. Darasa zima. Akicheka, wanaimba. Basi ameacha kucheka."

Nikasema kitu ambacho nimewaambia wazazi mara mia. "Hilo ni jino la utoto. Litang'oka tu mwakani."

Hapo ndipo akasimamisha cherehani.

"Mwakani? Dada, wewe unahesabu kwa miaka. Huyu anahesabu kwa mapumziko ya saa nne. Kila siku ni mapumziko ya saa nne!"

"Lakini jino limepona. Au linapona. Haliumi tena, sivyo?"

"Haliumi. Nani kasema linauma? Mteja akiniletea gauni limechanika, nikamrudishia limeshonwa vizuri ila lina doa kubwa kifuani, nimwambie nini? Kwamba mshono ni imara?"

Nilitaka kujibu kwamba gauni halina ugonjwa. Hakunipa nafasi. Akanipa vidonge vyangu kabisa: kwamba tangu utotoni nikimwangalia mtu naona kile ninachotaka kukirekebisha, mwenyewe simwoni. Kwamba kwa siku kadhaa nimekula mezani kwake na sikuona mtoto amenyamaza. Hilo la mwisho limenichoma, kwa sababu ni kweli. Nilikula pale wiki iliyopita. Nilimwangalia Kasuku mdomoni alipopiga mwayo, nikafurahi tundu limekauka.

"Namtoa," akasema. "Na Jumamosi ya wiki ijayo wazazi wana mkutano. Nitasema nilichonacho."

Wakitoka wengi zaidi ya hao, waliobaki hawatatosha kuthibitisha chochote, na kazi yote itakuwa bure. Hayo nilimwambia. Akasema basi iwe bure.

Nililia njiani. Mvua ilinisaidia, hakuna aliyejua.

6 Aprili

Nimelala vibaya, nimeamka vizuri. Nimeshapata la kufanya.

Meno ya mbele tunaweza kuyafunika. Kuna simenti nyeupe ya meno, inawekwa juu ya weusi bila kuchimba, na jino linaonekana kama la mtu yeyote. Ubaya ni kwamba ukishalifunika, mpimaji hawezi tena kulibonyeza, kwa hiyo linatoka kwenye hesabu. Nilikuwa nimepanga tufunike mwisho wa muhula. Sasa nataka tufunike mara moja, kwa kila anayetaka.

Nikampigia Bosi, yaani mkuu wetu wa utafiti, aliyekaa mbali na mvua. Akaruka.

"Utabaki na magego tu!"

"Nitabaki na magego, ndiyo."

"Na nusu ya utafiti!"

"Bosi, chagua: nusu, au stoo tupu yenye mipira mibovu."

Akaguna kwa muda mrefu. Akasema atapeleka kwa kamati ya maadili. Nikamwambia apeleke leo, tena na picha za kuwaonyesha wazazi zibadilishwe, ziwekwe sura za watoto, si meno peke yake.

10 Aprili

Kamati ya maadili imekubali. Niliruka mpaka nikagonga taa.

13 Aprili

Mkutano. Bwalo lilijaa, maji yanatiririka milangoni, wazazi wamekaa kwenye viti vya watoto na magoti yamefika kifuani. Mdogo wangu alikuwa meza ya mbele kama mwenyekiti. Mimi nilikaa pembeni na Babu Koleo, nimevaa koti lile lile lenye doa.

Akaniita nizungumze. Nikasema picha tulizowaonyesha zilikuwa za meno ya nyuma peke yake, na hilo ni kosa langu, si la muuguzi wala la shule. Nikasema nilitazama meno nikasahau sura. Kila mwenye jino jeusi la mbele, kuanzia Jumatatu, litafunikwa. Anayetaka kutoka atoke, mwanawe atatibiwa vile vile. Nilidhani watashangilia. Wapi! Baba mmoja akasimama.

"Nimezaliwa nikiambiwa jino jeusi limeoza. Leo unaniambia jeusi limepona. Nikuamini kwa lipi?"

Bwalo likavuma. Hapo Babu Koleo akainuka bila kuruhusiwa.

"Humu ndani nani sijawahi kumng'oa jino?"

Kicheko. Mikono michache sana. Mwanamke mmoja nyuma akapaza sauti, "Mimi uliniahidi haliumi!"

"Nilikudanganya, mama. Samahani." Akangoja watulie. "Mimi hii dawa nilikuja kuiumbua. Wananifunga macho kama mwizi, sijui ni mtoto wa nani wala kapakwa nini. Lakini kwa mkono wangu huu, nikiwaambia nilichokisikia mwezi uliopita—"

Nikamkanyaga mguu. Kwa nguvu. Maana haruhusiwi kusema matokeo ya katikati kwa mtu yeyote, hata kwangu, na mimi nilikuwa nimekaa pale masikio yamesimama, natamani kuliko wote amalizie. Akapiga yowe, akakaa.

"Kwa nini humwachi aseme?" mdogo wangu akaniuliza. Hakuniita dada.

"Kwa sababu bado hajamaliza kupima. Akisema sasa, kila mtu atachagua upande, na kipimo kitaharibika."

"Sawa. Basi sema wewe. Hii dawa itawaponya watoto hawa, au haitawaponya? Unajua, au hujui?"

Watu wote waligeuka. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani. Nilimwangalia mdogo wangu, nikaona hanitegi. Anauliza tu, kama mama wa mtoto.

"Kwingine imeponya," nikasema. "Kwa hawa, sijui. Natumaini sana, lakini sijui. Ningekuwa najua nisingekuja hapa kupima."

Mdogo wangu akaegemea meza. Kisha akasema, "Sasa mbona siku zote unaongea kama unajua?"

Bwalo zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, machozi yananilenga. Yule baba aliyeuliza kwanza akasema, "Angalau huyu anasema hajui," akajifunga koti, akatangaza kwamba mwanawe anabaki.

Wengine wametoka. Wengi wamebaki. Mdogo wangu alifunga mkutano kwa sauti ya kikazi, akanipita mlangoni.

15 Aprili

Nimefunika meno ya mbele kutwa. Kasuku ameletwa na jirani, si mama yake. Nilipomaliza nikampa kioo. Akajitazama kulia, akajitazama kushoto, akaondoa mkono mdomoni.

"Mama mkubwa, ulijua kwamba mwalimu wetu ana jino la dhahabu, na kwamba mvua ikinyesha vyura wanaingia chooni, na kwamba..."

Nikafuta jina lake kwenye utafiti, yeye akiendelea kuongea. Sikuwahi kufuta jina kwa furaha namna hiyo.

22 Aprili

Mvua. Kazi inakwenda. Mdogo wangu hajapiga simu.

30 Aprili

Nimempigia mimi. Tumeongea juu ya mvua.

6 Mei

Siku hizi kabla ya kumwambia mtoto afungue mdomo, namuuliza ameamkaje. Inachukua muda zaidi. Muuguzi amegundua, ananicheka kwa chini chini, acha anicheke tu.

13 Mei

Kipimo cha mwisho. Mvua imepungua na Babu Koleo hahitaji tena kupiga kelele, kwa hiyo sikusikia kitu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nilitembea uwanjani mpaka viatu vikajaa tope. Alipotoka alikuwa anavua kitambaa, amechoka, na sura haisomeki. Mzee mzima kaninyima hata kukonyeza.

"Usinikanyage," akasema, akapita.

20 Mei

IMESHINDA. Tena si kwa kubahatisha! Magego yaliyopata dawa nyeusi, mengi sana yamekuwa magumu. Yaliyopata nyeupe, machache. Bosi amenisomea simuni mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza nilikuwa napiga kelele. Hata kwa hao waliobaki, jibu liko wazi. Hospitali imeshaniuliza tuanze lini kuitumia kwa watoto wote.

Nilimwita Babu Koleo nikamwambia. Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Nimeng'oa watoto wengi sana," akasema. Nikamshika mkono.

Nilijua. Haya, sikujua. Lakini nilijua!

24 Mei

Jua kali leo, na tope limeanza kupasuka. Tulitangaza kwamba watoto waliopata dawa nyeupe, na mwingine yeyote atakayeletwa, atapakwa nyeusi. Nilitegemea wachache. Foleni ilitoka stoo, ikazunguka ukuta wa darasa la pili, ikafika langoni. Yule baba aliyeuliza swali alikuja na mtoto wa pili, mdogo zaidi.

Nilifanya kazi bila kunyanyua kichwa. Karibu na mchana nikasikia mtoto anaongea mlangoni bila kupumua, nikajua ni nani. Mdogo wangu alikuwa amesimama na Kasuku, mkoba wa vitambaa begani. Alikuwa kwenye foleni tangu asubuhi. Ndugu yangu wa tumbo moja, angeweza kupita nyuma nikamwingiza, na hakufanya hivyo.

"Kuna tundu jipya," akasema. "La nyuma. Usiku analilia shavu."

Nikaliangalia. Ni gego, dogo, bado mapema. Na mimi, kwa akili zangu hizi za kitaalamu, nikageukia karatasi za muuguzi na kuanza kutafuta jina lake.

"Lakini huyu tulimtoa," nikasema. "Hayumo tena kwenye hesabu."

Mdogo wangu akaweka mkoba chini, akampandisha mwanawe kitini, akamfungua kola.

"Sikumleta ahesabiwe, dada. Nimemleta atibiwe."

Niliziacha zile karatasi, nikavaa glavu mpya. Nikamuuliza Kasuku ameamkaje, nikangoja mpaka amalize kunijibu.